Osob Apima Jiwe la Shemeji Yake

Tangu ukame umalize mifugo, watu wa Tarbaj wameanza kuokota mawe, na kila jiwe lazima lipitie kwa Osob. Kwani nani mwingine? Ndiye aliyesoma fizikia Wajir kabla ya kuolewa, na ndiye mwenye mizani ya kuning'iniza, ile anayopimia nyama ya ngamia. Akimaliza wateja wa nyama, anakuta mtu amekaa na bonge lake ndani ya shuka, anangoja kuambiwa amekuwa tajiri. Osob amewaambia wengi hapana, mpaka amechoka na sauti yake mwenyewe.

Jumanne akaja Yarrow, kaka wa marehemu mumewe. Jiwe alilokuja nalo lilikuwa jekundu, la kujaa kiganja. Alilipandisha na kulishusha mkononi kama mnunuzi anavyonyanyua mbuzi sokoni, na huo ndio ugonjwa wetu sisi wafugaji: tunadhani kila kitu hupimwa kama mbuzi.

"Hii ni yakuti, abaayo," alisema, akimwita dada kwa Kisomali. "Shika uone uzito. Mwenye jiwe anataka ngamia mmoja wa maziwa, basi, nalo litakuwa langu."

Osob alielewa mara moja. Yarrow amebakiwa na ngamia mmoja tu wa maziwa, naye ni yule aliyemwazima Osob mumewe alipofariki, ili watoto wapate kunywa. Ndiyo desturi: ndugu anakuazima ngamia wake umkamue, na siku akimtaka unamrudisha bila neno.

Alilifunga jiwe kwa uzi, akalitundika. Gramu mia tano na thelathini. Akalizamisha kwenye ndoo ya maji bila kuligusisha chini, mizani ikashuka hadi mia tatu na thelathini.

"Majini limepoteza mia mbili," alisema. "Huo ni uzito wa maji yenye ukubwa kama wake. Sasa gawanya, walaal, ndugu yangu. Halifiki hata mara tatu ya maji, na yakuti ni mara nne. Linakulemea kwa sababu ni kubwa. Ni jiwe la kawaida lenye rangi."

Yarrow akataka lipimwe tena. Likapimwa. Akashika mizani mwenyewe, akasoma namba zile zile. Kisha akawatazama watoto waliokaa kivulini, akamgeukia mama yao.

"Ningekuwa wewe, ningesema hivyo hivyo."

"Wallahi, Yarrow, sikudanganyi."

"Una njaa, abaayo. Mwenye njaa ataapa tu."

Mimi nauza maziwa meza ya pili, na nilitamani ammwagie ile ndoo kichwani. Angeweza kubishana, angeweza kuita wazee. Lakini Osob amezika mume, amezika mbuzi, na sasa kiapo chake kimetupwa mbele ya watoto wake. Hakuwa na nguvu tena ya kumshawishi mtu aliyesoma mizani kwa macho yake mwenyewe. Alikwenda nyuma ya kibanda, akamfungua ngamia, akamkabidhi Yarrow kamba.

"Ngoja basi nimkamue," alisema. "Leo watoto hawajanywa."

Yarrow alitikisa kichwa kukataa. Mwenye jiwe, alisema, angetaka kuona kiwele kimejaa.