Siku Roki Ilipopanda Gare

Kila nikisikia waya wa gitaa ukichomekwa kwenye spika, ule mngurumo mfupi kabla muziki haujaanza, nanusa masweta yaliyolowa mvua. Narudi ukumbi wa kanisa kijijini kwetu Gare, nina miaka kumi, na mdomo wangu hauna breki.

Mwaka ule dada mmoja, mwimbaji wa roki kutoka Dar es Salaam, alikuwa anazunguka mikoani na bendi yake. Kila alipotumbuiza alirekodi, ili atoe albamu yenye nyimbo pamoja na shangwe za watu. Kwetu alifika mchana, ukungu ukiwa umefunika hata mahindi ya jirani.

Ngoja niwaeleze habari za baba. Alikuwa mwalimu wa kwaya miaka mingi, mpaka alipotaka kuingiza gitaa la umeme kanisani. Wanakwaya wakakataa, maneno yakawa makali, akaambiwa anataka kuwachezesha disko. Baba akafunga daftari lake la nyimbo. Tangu hapo hakuimba tena, si kanisani, si akipalilia kabichi. Iliniuma sana, maana nyumba yetu ilikuwa imezoea kuamshwa na sauti yake. Siku ile alikuja kwa sababu mama alimshika mkono, na akakaa benchi la nyuma kabisa; mimi na mama tukaenda mbele kwa wanakwaya.

Wimbo wa kwanza ukaisha. Kimya. Katika wa pili dada akatufundisha kiitikio kifupi, akatuelekezea kipaza sauti. Kimya tena. Wanakwaya, waliojaza mabenchi ya mbele, walikuwa wanatazama magoti yao.

"Jamani, hamjaupenda?" dada akauliza. Wanakwaya wakazidi kuinama. Akamgeukia fundi wake: "Basi, zima. Ya hapa hatuiweki."

Nikapanda juu ya benchi.

"Shikamoo dada! Tumeupenda. Ila hatujapewa sauti ya kuanzia."

"Marahaba. Nani huwa anawapa?"

"Baba yangu, yule kule nyuma!"

Mama alinivuta sketi, lakini alikuwa amechelewa. Vichwa vyote vikageuka. Baba akabaki amekaa kwa muda ulioniogopesha, kisha akainuka, akakohoa, akatoa sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, akashuka hadi besi. Mkono wake ukapanda. Jamani, ukumbi ule! Mabati yalitetemeka. Mpiga ngoma alisahau kupiga, na dada mwenyewe aliacha kuimba akabaki anacheka huku anafuta machozi.

Wimbo huo umo kwenye albamu, maana fundi alikuwa hajazima, na mimi nimo, nikitoa shikamoo kwa sauti ya kasuku. Shuleni nilitamba hadi wenzangu wakachoka. Nilisema mimi ndiye niliyewafundisha wageni kwamba kwaya yetu haifungui kinywa kabla mwalimu hajatoa sauti.

Nilikuwa mtu mzima, nina mtoto mgongoni, nilipoirudia hadithi hiyo mbele ya mama, ambaye hakuwahi kuacha kwaya. Alicheka mpaka akaweka chini kisu cha mboga.

"Mwanangu, mwaka mzima tulikuwa tunapeana sauti wenyewe, kila Jumapili, na tunaimba. Siku ile hakuna aliyeshindwa kuanza. Tulikuwa hatujui namna ya kumwomba baba yako radhi."