Fyuzi Iliyobaki Kwenye Shati

Leo nimemwita fundi wangu mwizi mbele ya watu sita. Someni hadi mwisho.

Mama mkwe alikuwa ananisubiri Lamadi, juani. Ni mara yake ya kwanza kuja kwetu Bariadi tangu nimwoe binti yake.

Na pampu ya mafuta ya gari langu kuukuu ilikuwa imekufa.

Kabla ya kuanza kazi nilichomoa fyuzi ya pampu, kwa usalama. Fundi Masanja akainua kiti cha nyuma, akafungua tangi, akaanza kufunga pampu mpya. Nikakimbia nyumbani kubadili shati. Mkwe hapokelewi ukiwa na shati linalonuka petroli.

Nikarudi. Tukapiga stata. Injini haiwaki.

Simu inaita: mama mkwe.

Tukapiga tena. Wapi!

"Masanja, umenifungia pampu mbovu! Wewe ni mwizi!"

Watu sita waliokuwa pale wakageuka kututazama.

Mara mke wangu akashuka kwenye bodaboda, mikono ina povu. "Baba Kulwa, hii nimeikuta mfukoni nikifua shati lako."

Fyuzi.

Tukaichomeka, gari likawaka mara moja. Nikamwomba Masanja radhi, kwa sauti ya chini.

"Mwizi uliniita kwa kelele," akasema. "Hao sita wameshatawanyika na habari. Radhi yako itawafikiaje?"

Sasa niko Lamadi. Nimemsalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu." Mama mkwe amepanda kiti cha nyuma, ananusa petroli, hajaitikia. Ataningoja dakika moja zaidi niandike hapa, kwa wale sita na wote waliowasikia, kwa sababu hili haliwezi kusubiri:

MASANJA SI MWIZI. FYUZI NILIKUWA NAYO MIMI.