Ndizi Zinaongea

Tangu mumewe azikwe, Mama Pacha alikuwa kama mtu aliyeulalia mkono: unauona ni wako, lakini ukiufinya hausikii. Mazishini hakutoa chozi. Ila siku kikombe cha uji kilipovunjika, alikililia mpaka mapacha wake wakaacha kula. Watu wakasema yao. Wifi yake, aliyefanya naye kazi kwenye ghala la kuivisha ndizi, alimtolea uvivu:

"Kaka yangu kafa, wewe unalilia kikombe! Huo ni moyo au jiwe la kusagia?"

"Sijui, wifi," alijibu, akaendelea kupanga makreti. Hakuwa na kiburi. Kweli hakujua.

Ndani ya chumba cha kuivishia, ukutani karibu na mlango, palikuwa na kipima gesi cha njano. Kiliwekwa kwa ajili ya moshi wa injini, ile sumu yake isiyo na rangi wala harufu. Lakini kila ndizi zilipofunguliwa gesi ya kuivishia, nacho kilipiga kelele. Fundi alikuja, akakikagua, akasema ni kizima.

"Dawa iliyomo ndani inaishtukia ile sumu," alisema. "Sasa na gesi yenu ya ndizi inaishtukia vilevile. Kitakwambia kuna kitu; kitu gani, hapo hakijui."

Akashauri kiletwe cha aina nyingine. Hakikuletwa. Wakazoea. Kikilia, mtu anasema, "Ndizi zinaongea," wanacheka, mmoja anaenda kubonyeza kitufe kukinyamazisha.

Asubuhi moja chumba kilikuwa kitupu. Shehena yote ilikuwa imeondoka, na mlango ulilala wazi hewa iingie. Wifi akaingia kuosha sakafu kwa mashine ya petroli. Injini ilitakiwa ibaki nje, lakini mpira wa maji ulikuwa mfupi, akaikokota hadi ndani. Kisha akaurudisha mlango ili maji yasiwarukie waliokuwa wakibandika lebo.

Haukupita muda, kipima kikaanza.

"Ndizi zinaongea!" mmoja akapaza sauti. Wakacheka. Mama Pacha naye alikwisha fungua mdomo acheke, kwa mazoea tu, kisha akabaki nao wazi.

Ndizi gani?

Akaweka lebo chini, akaenda. Alipovuta mlango alimkuta wifi ameketi kwenye maji, mpira ukirukaruka peke yake pembeni.

"Kichwa tu," wifi alisema kwa ulimi mzito. "Niache nipumzike."

Mama Pacha alibana pumzi, akazima injini, akamshika makwapani, akamburuta mpaka uani. Huko wifi akatapika. Mtu akakimbia kuita gari la hospitali.

"Umenivuta kama gunia," wifi alinong'ona baadaye.

"Gunia lina nafuu."

"Umejuaje?"

"Ndizi hazikuwemo."

Wifi akamtazama sana, halafu akaangua kilio, akimtaja kaka yake. Mama Pacha alisubiri chake kije, kama mtu aliyekinga ndoo kwenye bomba kavu. Hakikuja. Alichokisikia ni uzito wa kichwa cha wifi begani, na maji baridi viatuni.

"Lia, wifi," alimwambia. "Lia na changu."

Ndani kipima kiliendelea kulia. Safari hii hakuna aliyekwenda kukinyamazisha.