Emerensiana na kibao cha mpingo ambacho hakuweza kukikataa

Saa tatu asubuhi, saruji ya uwanja imeshaanza kuchoma nyayo. Emerensiana Ambrosi anafagia mchanga ulioletwa na upepo. Ufagio ameushika kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia ameubana tumboni kama mtu aliyekwapua kuku. Kabla hajamaliza upande wa pili wa wavu, mgeni mmoja kutoka Dar es Salaam anaingia na kwenda moja kwa moja kwenye rafu ya vibao.

Anachukua chekundu. Kinang'aa, na karibu kila mgeni huanza na hicho hicho.

"Subiri kwanza, kaka," Emerensiana anamwambia huku akimrushia mpira. "Nipigie mitatu tu."

Mgeni anapiga. Kila mpira unapomjia anarudi nyuma, anauvuta mkono hadi juu ya bega, kisha anashusha kama anayepasua kuni. Emerensiana anamwondolea kile chekundu kwa upole na kumpa cheusi kilichochubuka ukingo.

"Chekundu ni cha mtu anayekaa karibu na wavu akacheza kwa kifundo cha mkono. Wewe unakaa nyuma, unapiga kwa bega. Shika hiki, kina uzito kidogo, kitakusaidia kuusukuma mpira."

Mgeni anacheka. Anajaribu tena, na safari hii hacheki, anaomba mpira mwingine.

Hiyo ndiyo kazi ya Emerensiana katika hoteli hii ndogo ya Kilwa Masoko. Mchezo wenyewe unaitwa pikoboli, nao uko katikati ya tenisi na tenisi ya meza: wavu mfupi, mpira wa plastiki wenye matundu, na kibao kigumu badala ya raketi ya nyuzi. Vijana wa mtaani wanakiita kibao hicho kafi, kama la kupigia mtumbwi, na kila wakipita humuuliza kama leo anavuka kwenda Kisiwani.

Yeye huwaacha wacheke, maana anakijua anachokifanya. Mtu akishika mpini, humwangalia nafasi iliyobaki kati ya ncha za vidole na kiganja. Ikitosha kidole kimoja, mpini ni wake. Kibao chenye uso mnene huutuliza mpira, chembamba huurusha mbali.

"Watu wanachagua rangi," anasema. "Mimi namtazama mtu kwanza. Kibao baadaye."

Kinyozi hajinyoi, na mwanamke huyu wa miaka thelathini na moja ni shahidi. Mkono wake wa kulia, uliowahi kuwashinda wageni wa kila namna, leo hauwezi kufungua bomba la maji. Vidole viwili vya mwisho havifumbi. Saa kumi jioni hii atacheza kwa mkono wa kushoto mbele ya mwenye hoteli, na akishindwa, kazi ya uwanjani atapewa mwingine.

Hakuanzia uwanjani. Alianzia kwa dobi, akifua na kukamua mashuka ya wageni kwa shilingi elfu sita kwa siku. Wakati huo mwenye hoteli, Bwana Sajid, mtoto wa familia ya wenye maduka wa Kilwa Kivinje, alikuwa amefundishwa mchezo huu na mgeni mmoja, akaupenda mpaka akageuza maegesho ya magari kuwa uwanja. Siku moja mgeni alikosa wa kucheza naye, akaitwa mtu yeyote aliyekuwa karibu. Aliyekuwa karibu ni Emerensiana, na ndoo ya nguo.

"Nilivua kandambili nikacheza pekupeku," anakumbuka. "Mkono wangu ulikuwa unafika kabla sijafika mimi."

Mchezo wake ulikuwa wa karibu na wavu. Hakuwa na nguvu, alikuwa na wepesi. Wageni wakaanza kumuulizia kwa jina, naye akaacha mashuka. Malipo yakawa mara mbili ya yale ya dobi, na kwa malipo hayo akaihudumia nyumba ya vyumba viwili anayoishi na baba yake tangu mama alipofariki.

Baba huyo ndiye Mzee Ambrosi, mchongaji aliyeshuka kutoka uwanda wa Makonde upande wa Newala akiwa kijana, akaja kuuza vinyago pwani. Wanunuzi siku hizi ni wachache. Lakini chini ya kitanda alikuwa na gogo la mpingo alilolihifadhi miaka mingi, akisubiri kulichonga kinyago kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuchonga.

Jumamosi moja alikwenda kumwona binti yake akicheza. Akaona ameshika kibao kikuukuu kilichoachwa na wageni, ukingo umefungwa kwa utepe wa gundi. Alirudi nyumbani, akalivuta lile gogo, akalipasua.

Alichana mbao nyembamba, akaziunganisha, akaziranda, akasugua kwa msasa na nta mpaka kibao kikaonyesha uso wa mtu anayekitazama. Mpini aliuchonga kwa kufuata vidole vya binti yake. Kwa mchongaji, mti hupimwa mkononi, na ulio mzito ndio mti. Alikipima hivyo hivyo, akaridhika.

"Katika ukoo wetu mtoto hapewi kitu cha mti mweupe," Mzee Ambrosi anaeleza. "Mti mweupe ni wa miiko ya kupikia, ya kuuza. Mtoto ni mpingo."

Emerensiana alijua tangu mpira wa kwanza kwamba hakimfai. Walikipima kwenye mizani ya muuza samaki, kikavuka nusu kilo, mara mbili ya vile vya hoteli. Mgeni angemjia na kibao kile, angemwambia akakitundike ukutani.

Lakini nani amwambie baba yake? Mzee alikuwa anakuja kila Jumamosi, anakaa kwenye kizingiti cha geti, anakitazama kibao kinavyomeremeta. Wageni wakakipiga picha. Bwana Sajid naye akapendezwa, akasema kisiachwe, maana hoteli nyingine hazina kitu kama kile. Ikawa mwanamke anayewapangia watu wote vibao vyao anacheza kutwa na kisicho chake.

Maumivu yalianzia kwenye kiwiko, upande wa nje. Alikanda kwa barafu, akasugua mafuta ya karafuu. Baadaye kikombe cha chai kikawa kinamtetemeka mkononi. Daktari alimwambia apumzike miezi kadhaa, lakini kibarua akipumzika halipwi, naye alirudi uwanjani.

Hakupumzika, mpaka mkono wenyewe ulipompumzisha. Ilikuwa katikati ya mchezo, anarudisha mpira wa kawaida tu.

"Nilisikia kitu ndani kinafyatuka kama uzi wa cherehani," anasema. "Kibao kikaanguka. Nikainama kukiokota, vidole vikagoma. Nilikitazama pale chini, nikakichukia. Halafu nikajichukia mimi kwa kukichukia."

Ilikuwa ni kano, ule ukamba unaoushika msuli kwenye mfupa. Ilikuwa imechanika, na daktari hakuficha kwamba mkono huo hautarudi kama ulivyokuwa. Alipofika nyumbani akamwambia baba yake kwamba ameteleza bafuni.

Uongo huo ulidumu hadi wiki moja kabla ya jioni ya leo. Mzee Ambrosi, aliyesikia kwamba binti yake atapimwa kwa mkono wa kushoto, alimjia na kifurushi kilichofungwa kwa khanga ya marehemu mkewe. Ndani yake mlikuwa na kibao kipya cha mpingo uliobaki. Kilikuwa kinene kuliko cha kwanza.

"Mkono wa kushoto hauna nguvu, mama," alimwambia. Humwita hivyo kwa kuwa alimpa jina la mama yake mzazi. "Nimekuongezea uzito ukusaidie. Tezo ya kuchongea ikiwa nzito hujikatia yenyewe."

Emerensiana alikipokea kwa mkono wa kushoto, ukashuka nacho mpaka pajani. Anasema hakujua atasema nini, akajikuta anauliza yale anayowauliza wageni kila siku.

"Baba, mchezaji wako anakaa nyuma au karibu na wavu?"

"Mchezaji gani?"

"Huyo uliyemchongea."

Mzee alifikiri. "Sijui, mama."

"Anapiga kwa bega au kwa kifundo?"

"Sijui."

"Si ulikuwa unakuja kila Jumamosi, Baba?"

"Nilikuwa nakuja," Mzee Ambrosi alijibu. "Nilikuwa nakitazama kibao."

Hapo ndipo alipomwambia kwamba bafuni hakuteleza. Alimweleza yote, kuanzia mpira wa kwanza. Baba yake alimuuliza swali moja tu, kwa nini hakusema mapema.

"Ulilipasua gogo lako kwa ajili yangu," alimjibu. "Kibao ningekirudishaje?"

Mzee alivifunga vibao vyote viwili ndani ya khanga, akatoka nje. Siku zile chache zilizofuata hakushika tezo. Mwandishi alipomkuta amekaa na vinyago vyake ambavyo havijanunuliwa, hakutaka kufarijiwa.

"Nimechonga tangu ujana wangu," alisema. "Mti sikuukosea hata siku moja. Nimemkosea mwanangu. Uniache niseme hivyo hivyo."

Jioni inafika. Anayeshindana naye ni Moza, msichana wa mapokezi mwenye mabega mapana, ambaye kucheza amefundishwa na Emerensiana mwenyewe. Bwana Sajid ameketi kwenye kiti cha plastiki. Mzee Ambrosi yuko pale pale kwenye kizingiti cha geti, mikono mitupu.

Moza anasogea kwenye rafu, ananyoosha mkono, anausitisha.

"Dada Eme, mimi nichukue kipi?"

Watu wanatazamana. Hakuna wa kumlaumu Emerensiana kama angempa chekundu, na mwenyewe anakiri kwamba neno hilo lilishamfika ulimini. Anamtazama Moza kutoka miguuni hadi mabegani. Kisha anateremsha cheusi chenye mpini mrefu.

"Ukipiga upande wa kushoto unatumia mikono miwili," anamwambia. "Mpini mfupi utakunyima. Chukua hiki."

Mwenyewe anachukua chepesi kuliko vyote, chenye mpini mwembamba, kile ambacho angepaswa kukishika tangu miaka miwili iliyopita.

Mchezo wa kwanza hauchukui muda. Mkono wa kushoto unajua pa kwenda ila unachelewa kufika, na Moza, kwa kibao kinachomfaa, anapiga mipira mizito hadi mstari wa nyuma. Mchezo wa pili Emerensiana anausogelea wavu, anaanza kuiweka mipira chini, taratibu, mahali ambapo Moza hafiki. Kuna wakati anaongoza, na wafanyakazi wa jikoni wanatoka kushangilia. Anashindwa kwa pointi mbili.

Moza ndiye anayelia. Emerensiana anamfuta machozi kwa upindo wa khanga yake mwenyewe, anamwambia asimame vizuri, bosi anamtazama.

Bwana Sajid anainuka, anavua miwani, anaisafisha kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji.

"Eme, uwanja nampa Moza," anasema. "Usione sikuthamini. Wageni wanataka mtu wa kuwarudishia mipira. Masika tunafunga. Tukifungua Juni, uje nikutazame tena. Siahidi kitu."

"Na kwa dobi, bosi?"

"Utakamua shuka kwa mkono gani?"

Emerensiana anarudisha vibao kwenye rafu, kila kimoja mahali pake, na kumwonyesha Moza ambacho mpini wake umeanza kulegea.

Getini anamsalimu baba yake, "Shikamoo, Baba," naye anaitikia, "Marahaba, mama." Wanashika njia ya nyumbani. Wakivuka barabara ya lami, mzee anasimama.

"Unausubiri mpira," anasema. "Mguu wa kushoto umeugandisha chini, unausubiri mpira uje. Zamani pia ulikuwa hivyo?"

"Hapana, Baba. Zamani nilikuwa naufuata."

Mzee anatikisa kichwa na kufuta uso kwa kiganja. Binti yake anamshika mkono kwa ule wake mzima.

Mpango wao ni ghala la korosho lililo nyuma ya mtaa, ambalo masika hukaa tupu. Mlinzi amekubali wapatumie asubuhi. Sakafu ni ya saruji na ukuta hauna nyufa. Mzee atarusha mipira kwa mkono, binti atairudisha kwa kushoto, mpaka Juni. Chakula cha miezi hiyo watakipata vipi, bado hawajajua. Emerensiana anafikiria kuuza vitumbua, ingawa kutwanga mchele kwa mkono mmoja nako ni kazi.

"Juni nitarudi kwa Bwana Sajid," anasema. "Nikikosa, nitarudi mwaka unaofuata. Mguu huo aliousema Baba, hata mimi nilikuwa siuoni."

Mbao chache za mpingo zimebaki chini ya kitanda cha Mzee Ambrosi, na nje ya mlango kuna kipande cha mwembe, mti mweupe, alichokiokota mwenyewe juzi. Anaulizwa kama atamchongea binti yake kibao kingine, na kiwe cha uzito gani.

"Sijui bado," anajibu. "Sijamaliza kumtazama."