Bei ya Jikoni

Saa mbili kasoro robo asubuhi, baridi ya Darlington, huku Uingereza, inauma masikio, na Neville Teasdale yuko juu ya ngazi, orofa ya kwanza. Mkono mmoja sponji, mkono wa pili ule mti wake wenye ulimi wa mpira. Anapaka maji, anavuta mara moja kutoka juu mpaka chini, halafu anamalizia pembe kwa kitambaa. Ukitazama, unadhani kioo kimetolewa.

"Pembe ndiyo kazi," anasema huku anateremka. "Katikati hata mvua inasafisha."

Nyumba moja ni pauni kumi. Siku ya jua anafanya nyumba kumi na tano. Siku ya mvua anafanya sita, siku ya upepo hafanyi hata moja, anabaki nyumbani anamsumbua mkewe. Ana miaka sitini na mmoja, na ngazi hii ameanza kuipanda akiwa na ishirini na nne. Magoti yanajua.

Kazi yake ina sheria moja, na aliifundishwa na mtu aliyemwachia ndoo: kioo unakitazama, chumba hukitazami. Watu wako ndani na nguo za kulalia, wengine wanagombana, wengine wanakula keki ambayo daktari amewakataza.

"Nimeona mambo, mzee wangu," aliniambia. "Lakini sikuyaona."

Basi habari yenyewe ni hiyo. Siku moja alitazama chumba.

Lakini ngoja kwanza nirudi nyuma, maana nikianzia hapo hamtanielewa.

Neville anapenda treni ndogo. Namaanisha zile za mfano, zinazotembea kwa umeme juu ya reli nyembamba kama uzi wa viatu. Mji wetu huu ni mji wa reli, watu wameilia na kuizika, na nusu ya wanaume ninaowajua hapa wana treni darini. Mke anapanga nguo za baridi chini, mume yuko juu anachelewesha treni ya saa nne.

Si mchezo wa bei rahisi, hapana. Kichwa cha treni kipya, kitu cha kukaa kwenye kiganja, ni pauni mia mbili, mia tatu. Behewa moja sitini na kitu. Mti mmoja, mti wa waya na sponji, pauni tano, na msitu hauwi wa mti mmoja. Neville anasema kila mwezi zinamtoka kama thelathini na sita, na mwaka wa ishirini na sita huu.

Yeye hahesabu kwa pauni, anahesabu kwa nyumba. Behewa ni nyumba sita na vyumba viwili. Daraja la chuma ni nyumba nne. Akiwa dukani utamwona midomo inacheza, ujue anafuta madirisha.

Sasa, hapo klabuni kwao, chumba kimoja nyuma ya baa, kuna desturi. Mtu akija na kitu kipya wanamuuliza, "Bei ya kweli au bei ya jikoni?" Bei ya kweli ni ile uliyolipa dukani. Bei ya jikoni ni ile unayomwambia mkeo anapokuuliza jikoni huku ameshika mwiko. Wote wanacheka. Kenny Dent, rafiki yake Neville tangu shule, alinunua mabehewa manane, mkewe anajua alipewa bure na mtu aliyehama.

Mwaka jana Neville akanunua kichwa cha kijani, pauni mia mbili na tisini. Kuna jambo hapa mtanicheka nikiwaambia, lakini ni kweli. Hawa jamaa wakinunua kichwa kipya kinachong'aa, hawakipendi. Wanasema hakuna treni ya makaa iliyowahi kung'aa hivyo. Wanakipaka uchafu: masizi kidogo juu, kutu kwenye magurudumu, michirizi ya chokaa ubavuni. Wapo mafundi wa uchafu, na wanalipwa. Neville alimlipa mmoja pauni tisini.

Yaani mchana kutwa anatoa uchafu kwa pauni kumi, jioni anaununua kwa tisini.

Yeye mwenyewe akaongeza kitu kimoja tu. Yule mtu mdogo anayechochea moto, hana urefu wa ukucha, alimpaka skafu nyekundu kwa brashi yenye unywele mmoja. Baba yake alikuwa mchochea moto kwenye reli, na alikuwa na skafu kama hiyo.

Avril, mkewe, ambaye anapika chakula cha mchana shule ya msingi, alikiona mezani siku ileile.

"Hiki bei gani?"

"Pauni kumi na mbili, mpenzi."

"Mbona kichafu hivi? Kumi na mbili wamekuibia."

Ikaishia hapo. Lakini Neville roho ilikuwa juu, akaogopa Avril asije akakiangalia tena vizuri. Akakitia kwenye boksi la viatu, akaliweka chini ya ngazi za nyumba, katikati ya vitu vya zamani, mahali ambapo mtu hatazami.

Na Avril akatazama. Mwezi wa tano kanisa linafanya soko la mitumba, wanachangia paa linalovuja, na Avril ndiye mwenye meza. Alimuuliza Neville kama vile vitu vya chini ya ngazi avichukue. Neville alikuwa anatazama mpira. Akasema, "Chukua vyote, mpenzi."

Jioni Avril akarudi na samaki na chipsi, uso umejaa furaha.

"Kile kichwa chako kichafu nimekiuza!"

Neville akaacha uma. "Umekiuza?"

"Kumi na tano! Ulinunua kumi na mbili, nimekupatia faida pauni tatu. Nani anasema mimi sijui biashara? Zimeingia kwenye paa."

Mnafikiri mtu anajibu nini? Akijibu kwamba kilikuwa cha mia tatu na themanini, anaumbuka. Akinyamaza, kimekwenda.

"Ahsante, mpenzi wangu," Neville akasema. Samaki hakummaliza.

Akauliza kwa upole, nani kanunua? Avril hakujua. Watu walikuwa wengi, alikuwa anauza na taa ya mezani wakati uleule.

Klabuni walimpokea kama msiba wa mtu waliyekuwa wakimcheka. "Jamani, Nev amepoteza kichwa," Kenny alitangaza. "Na mkewe ndiye aliyekiuza. Tumshukuru Mungu mwili amebakiza."

"Cheka tu. Wako anajua mabehewa manane ulipewa bure, atayagawa bure."

Kenny akaacha kucheka. Nasikia wiki ile alihamisha mabehewa.

Wiki tisa zikapita. Neville anasema kila akipanda ngazi alikuwa anahesabu kinyumenyume: hii ni nyumba ya kwanza ya zile thelathini na nane, hii ya pili. Hela zilikuwa zinamuuma, lakini yule mtu wa skafu nyekundu alimuuma zaidi. Kiko kwa nani? Mtoto ameshakivunja? Kiko kwenye beseni la kuogea?

Alhamisi ni siku ya Bi Hilda Raine. Ni mjane wa miaka themanini na nne, anakaa peke yake karibu na mahali palipokuwa na gereji ya treni zamani. Neville akaweka ngazi, akapaka maji dirisha la jikoni la nyuma, akavuta mara moja, na kioo kilipofunguka akaona treni.

Ilikuwa inazunguka juu ya meza ya kulia. Inapita nyuma ya birika, inapita ubavuni mwa sufuria ya jamu, inarudi. Kichwa cha kijani. Lakini kilikuwa kinang'aa! Kinang'aa kama kijiko cha harusi. Neville akasema moyoni siyo chenyewe. Kikapita tena karibu na kioo, na mlangoni pake akaona skafu nyekundu.

Maji yakawa yanamwingia kwenye mkono wa koti, hata hasikii.

Bi Raine akafungua dirisha. "Neville mwanangu, umekufa hapo? Ingia, chai ipo."

Siku nyingine zote alikuwa anakunywa chai mlangoni, viatu vichafu. Siku hiyo aliingia na ndoo mkononi.

"Umeona kitu changu?" Bi Raine alisema. "Nilikipata kwenye mitumba, kwa mkeo. Reli nimenunuliwa na mpwa wangu. Kilikuwa kichafu, maskini! Nimekaa nacho siku tatu, kwa mswaki na sabuni ya vyombo."

"Mswaki," Neville akarudia. Pauni tisini za uchafu zilikuwa zimekwenda na maji ya sinki.

"Baba yangu alikuwa msafishaji hapo gereji. Anaingia alfajiri na matambara na mafuta, anasugua mpaka magurudumu. Alikuwa anasema kichwa kikitoka kichafu, dereva anaadhirika stesheni zote. Nilipokiona pale mezani kwa Avril nikasema huyu baba angemwonea haya. Nikatoa kumi na tano."

Neville aliniambia, "Mzee wangu, mimi ni msafishaji. Nimwambie nini? Nimwambie nililipa kichafuliwe?"

Lakini Bi Raine si mtu wa kufichwa. Alimwona anavyomtazama yule mtu wa skafu. "Ni chako, siyo?"

"Kilikuwa changu."

"Avril alikiuza bila kukuuliza?"

"Aliniuliza. Nilikuwa natazama mpira."

"Na ulikinunua bei gani?"

Neville anasema midomo yake yenyewe ilianza kusema kumi na mbili. Imezoea. Akaizuia. "Mia tatu na themanini, na uchafu."

Bi Raine alicheka mpaka akakamata meza, treni ikaanguka kwenye kona. Alipopata pumzi akasema, "Kichukue. Lakini siyo leo. Kichukue siku utakayokuja na Avril, na yeye ajue kwa nini nakirudisha. Mimi sitamficha mwanamke mwenzangu kitu nilichonunua mkononi mwake."

Neville akaenda nyumbani bila kichwa.

Alikaa na jambo hilo siku nne, hali vizuri, mpaka Avril akadhani ni tumbo. Jumatatu, mvua inanyesha, hakuna kazi, akasimama jikoni akasema yote. Mia mbili na tisini, na tisini za masizi.

Avril alizima jiko kwanza. Halafu akauliza swali moja. "Na vile vya juu?"

Ngazi ya dari Avril alikuwa hajaipanda miaka mingi. Neville akapanda nyuma yake, akawa anamgusia kimoja kimoja na bei yake ya kweli. Alipofika kwenye stesheni na karakana, Avril alikuwa amekaa juu ya sanduku.

"Jumla?"

"Inapita elfu kumi na moja. Kwa miaka yote hiyo."

"Elfu kumi na moja! Mimi ninakuonea huruma unarudi vidole vimekuwa bluu, nakuchemshia maji uviloweke, kumbe umefuta madirisha ya mji mzima uje ununue masizi!"

"Ndiyo, mpenzi."

"Usiniite mpenzi. Washa nizione."

Akawasha. Treni zikatoka, taa ndogo zikawaka stesheni. Avril akazitazama zikizunguka. Kisha akainama, akaonyesha kijumba karibu na daraja, na mwanamke mdogo mwenye koti la njano anaanika nguo.

"Huyu nani?"

"Wewe. Lile koti ulilovaa tulipokwenda pwani, Whitby."

Avril akamtazama sana yule mwanamke. "Na mimi bei gani?"

Neville akakohoa. "Mnauzwa sita kwenye pakiti. Pauni mbili."

"Kila mmoja?"

"Kila mmoja."

"Treni mia tatu na themanini, mke pauni mbili." Akageuka. "Hiyo ni bei ya kweli au ya jikoni?"

Kumbe neno lao la klabuni Avril analijua. Mke wa Kenny naye anasukuma sahani kwenye jiko lilelile la shule, na wanawake wanaongea.

"Nilijua wanapunguza kidogo," aliniambia Avril mwenyewe, anacheka sasa. "Nilidhani pauni kumi, ishirini. Sikujua wanakata mguu mzima wa ng'ombe."

Alhamisi wakaenda wote kwa Bi Raine, Avril amebeba skonzi. Neville alitaka kumrudishia zile kumi na tano. Bi Raine alikataa, ziko kwenye paa. Neville akataka kumfutia madirisha bure mwaka mzima. Hilo nalo alilikataa. "Nitalipa kumi kama kila mtu. Mimi sina bei ya jikoni." Sharti lake lilikuwa moja, kichwa kisipakwe uchafu tena maisha.

Na hakijapakwa. Darini kwa Neville kuna treni kumi na nne zenye kutu na moja inayong'aa, na klabuni wanamuuliza kama ameanza kufuta madirisha huko nako. Bi Raine anakuja Jumapili moja moja kukikagua kwa kitambaa cheupe. Kupanda darini hawezi, kwa hiyo kinashushwa, kinawekwa mezani, kinazunguka nyuma ya birika la Avril.

Mwezi wa kumi klabu ina maonyesho, na Neville amepanga hicho ndicho kitangulie, kivute mabehewa sita, Bi Raine akiwa ameshika swichi. Kuna kingine pia amekiona, cheusi, cha mizigo. Mia tatu na kumi, nyumba thelathini na moja. Safari hii alikwenda jikoni akaitaja bei ileile aliyoambiwa dukani, bila kupunguza hata peni.

Avril alikuwa anakoroga chai.

"Mia tatu na kumi?"

"Mia tatu na kumi."

"Haya, nunua," akasema. "Nimeshaijua bei. Mitumba ni mwezi wa tano, na paa bado linavuja."