Msalaba wa Kuti na Majani ya Maboga

Jumapili ya Matawi, mwaka ule wa korona, kanisa lilikuwa limefungwa. Huku Smithfield, ughaibuni kusini mwa dunia, miti ilishaanza kupukutisha majani. Mimi nilikuwa nimeketi uani na hasira zangu, najaribu kusuka msalaba wa kuti la mtende niutundike mlangoni. Mara tatu ulinifumukia. Katika kambi yetu ya wakimbizi, Tanzania, kazi hiyo aliifanya mama. Mimi nilikuwa mtu wa kupokea tu.

Nikautupa chini, nikageukia mboga ya kupika na karanga. Mboga yenyewe ilikuwa majani ya maboga ya jirani, bibi mmoja kutoka Vietnam, yaliyotambaa yakavuka seng'enge. Nilijua Wazungu wanakula boga na kutupa majani, nikadhani huku kila mtu ni hivyo. Nilishachuma rundo zima aliponichungulia, barakoa usoni.

Niliona haya. Akaniashiria nisubiri, akaingia ndani. Nikajua ananiitia polisi. Kumbe alifuata beseni lake la majani yaleyale. Akakaa upande wake wa seng'enge, akavunja kikonyo, akavuta uzi mpaka chini, vilevile kama mama.

Hatukuwa na lugha moja. Akaliona kuti langu pale chini, akanyoosha mkono. Nikampitishia juu ya seng'enge. Vidole vyake vikalikunja mara nne, tano, na msalaba ukatokea, umekazika barabara.

Mama yangu alizikwa Kigoma. Asubuhi ile niliiona mikono yake Smithfield.