Mpini wa Bastola Alioahidiwa Fundi Melkiory

Soko la Kayanga halijachangamka vizuri, lakini harufu ya pembe inayochomwa imeshafika kila kona. Nyuma ya stendi, kwenye kibanda cha mabati, fundi Melkiory Rwezaura ameacha pembe ya ng'ombe wa Ankole ilainike juu ya jiko la mkaa. Mkononi ana kipande kingine, cha kahawia. Anakisugua kwa msasa upande wa ndani, anapuliza vumbi, anakiinua kwenye mwanga, anasugua tena.

"Leo unapika nani, fundi?" anauliza jirani yake Mackrine, muuza chai na maandazi.

"Napika mume wako. Hajaiva bado."

Wateja wa chai wanaangua kicheko. Melkiory hacheki. Macho yake hayatoki kwenye kile kipande.

Melkiory hutengeneza mipini ya pembe: ya visu, mapanga na fimbo za wazee. Mpini wa panga anauza shilingi elfu tatu. Wa kisu kizuri unaweza kufika elfu kumi. Lakini kuanzia hapa hadi Bugomora kule Kyerwa, anajulikana zaidi kwa ugonjwa wake mwingine: anakusanya mipini ya bastola za kale, zile za silinda inayozunguka.

Bastola zenyewe hana. Wenye vibali humwendea mipini yao ikichoka, anawawekea mipya, ya zamani anabaki nayo.

"Chuma sikitaki, chuma ni jela," anasema. "Mimi nakusanya pale mkono wa mtu ulipokaa."

Mji haukuamini. Watu walisema ana bunduki chini ya kitanda, wengine wakazihesabu kabisa bila kuziona. Askari walipokuja kupekua, walikuta sanduku la mipini mitupu. Mmoja wao alirudi kesho yake na kisu chake, kiwekewe mpini.

Katika mipini yote aliyowahi kushika, mmoja ulimnyima raha. Ni wa pembe ya kulungu wa Ulaya, yule mwenye pembe za matawi: vipande viwili vyenye mikunjo kama gome la mti kwa nje, na rangi ya maziwa kwa ndani. Aliuleta mzee Anastazi wa Chonyonyo, mfukoni mwa koti, uzibwe ufa. Bastola yake aliiacha nyumbani. Baba yake Anastazi aliachiwa bastola hiyo na mnunuzi wa kahawa enzi za wakoloni.

Mzee aliona jinsi fundi alivyoutazama.

"Akaniambia, 'Melkiory, nikifa huu ni wako.' Tulikuwa wawili tu," anasimulia fundi. " Nikanyamaza kama msichana aliyeletewa posa."

Mwaka huu mzee amefariki. Huku kwa Wanyambo, matanga yakiisha, musika, yaani mrithi, hukalishwa kwenye kiti cha baba na kukabidhiwa mkuki au mundu wake mbele ya ukoo. Kwa akina Anastazi mkuki ulishapotea zamani. Kilichobaki cha kukabidhi ni ile bastola, na haikuwa na kibali. Serikali ilipotangaza muda wa kusalimisha silaha kwa hiari, mjane wake Verdiana alipanda bodaboda mpaka kibandani.

"Shikamoo, mae," fundi alimwamkia; kwa Kinyambo mae ni mama, tata ni baba.

"Marahaba, tata. Nimekuja na shida."

Shida yenyewe: chuma kiende polisi, lakini pembe itolewe, itengenezewe kisu cha kupogolea migomba, ili mwanawe Edgar asisimame mikono mitupu mbele ya ukoo.

Melkiory akamweleza ahadi ya marehemu. Verdiana alicheka hadi akajifuta machozi kwa kanga.

"Waitu! Na wewe? Baiskeli yake aliwaahidi watu wanne! Wawili walikuja msibani na pampu!"

Halafu kicheko kikamwisha. "Lakini kama alisema, alisema. Chukua, fundi. Edgar tutamnunulia mundu dukani."

Hapo ndipo fundi aliposhindwa. "Angenikatalia, ningebishana naye," anasema. "Aliponipa, nikakosa pa kushika."

Walikwenda kituoni pamoja, wao wawili, Edgar na mtendaji wa kijiji. Ofisa wa zamu alikubali pembe itolewe, lakini pale pale mezani, akiona. Parafujo zilikuwa zimeliwa na kutu. Fundi alizibembeleza mpaka zikaachia, vipande vikamdondokea kiganjani.

Alipopitisha kidole alikuta kibonde kidogo, mahali dole gumba lilipokaa miaka yote, la babu na la baba.

"Sandukuni nina mipini mingi, lakini wenye mikono hiyo siwajui," anasema. "Mwenye huu nilimjua, na mwanawe alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Nikamwambia mama, nitakitengeneza kisu."

Chuma chake amekipata kwenye springi ya lori bovu. Kwa kawaida pembe ndiyo hukatwa ifuate chuma. Safari hii amefua chuma kifuate pembe, ili kwa nje isiguswe.

Kabla chai ya Mackrine haijaisha, fundi anakifunga kile kipande alichokuwa akikisugua, na Edgar anafika kukijaribu kisu. Anakipokea kwa mkono wa kushoto.

"Mungu wangu, ni wa shoto!" anapiga kelele Mackrine. "Kibonde kiko upande mwingine!"

Melkiory anashika kichwa. Mwili wa chuma aliupima, mkono wa musika hakuuliza.

"Acha hivyo hivyo, fundi," anasema Edgar, akikigeuza taratibu. "Changu nitakichimba mwenyewe."

Jumamosi ndiyo siku ya kumkalisha. Melkiory amealikwa, na shati la kuvaa keshalipiga pasi. Hajifanyi kuwa hana uchungu. "Naumia," anasema. "Lakini naumia vizuri."

Yeye mwenyewe ana watoto wawili, Salvina na Elick, na hajawahi kuwaambia lolote kuhusu sanduku. Krismasi wakija nyumbani, anapanga kutandika mkeka uani, aite majirani, apike ndizi na nyama, amkabidhi kila mmoja mipini yake watu wakiona.

"Na mimi nitakuwepo," Mackrine anadakia. "Watagombana hao!"

"Ndiyo ninachotaka," anajibu Melkiory. "Wagombane nikiwa nasikia."